Eeddo Ebla, Ngamia Wake na Hoteli Iliyogeuzwa Ukoo

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, Bi. Ebla Duale, Msimamizi wa Usafi wa Vyumba hapa Hoteli Hosgeed, Garissa, anatimiza miaka ishirini na saba ya utumishi, na siku hiyohiyo anastaafu. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi. Mpaka sasa inanitazama kama mgeni aliyewasili bila kuweka nafasi, na chumba sina.

Sisi wa Hosgeed tulikuwa tumejiaminisha kwamba watu wa sampuli yake hawastaafu. Mameneja wamekuja na kuondoka, jenereta imekufa na kufufuliwa, mto Tana umefurika hadi ukutani na kurudi ulikotoka, na kila asubuhi Ebla alikuwa koridoni akipitisha kidole juu ya fremu za milango. Alipotangaza kwenye kikao cha wakuu wa idara kwamba zamu yake imefika mwisho, nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikaona nacheka peke yangu.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio wageni: sote tunamwita Eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali. Anaitwa hivyo na Msomali na Mkamba, na meneja na bawabu, na hata na wateja wetu wa miaka mingi ambao jina lake kamili watalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Aliajiriwa kama mfuaji, enzi ambazo Hosgeed ilikuwa safu moja ya vyumba na bafu la pamoja. Maji yalitoka mtoni yakiwa na rangi ya chai, na kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kuyaacha yatulie kwenye mapipa ndipo shuka zipate kufuliwa. Hapo ndipo alipojifunza uchoyo wa maji ambao haujamtoka hadi leo. Maji ya mwisho ya kusuuzia hayakumwagwa. Yalipigiwa deki, na yaliyopigiwa deki yalipelekwa kwenye miche ya mwarobaini. Miti yote inayotia kivuli maegesho yetu imekua kwa maji ya shuka. Wageni huegesha magari chini yake wakisifu mandhari, wasijue kwamba wanausifu udobi.

Alipopanda cheo akawa msimamizi, vituko vikaanza. Dawa za kupuliza za kunukisha vyumba alizikataa kabisa, akaleta chetezo na uunsi, ule ubani wetu uliopikwa na sukari na manukato. Siku moja mgeni kutoka Nairobi aliona moshi ukipenya chini ya mlango wa jirani yake, akatimua mbio na taulo kiunoni hadi mapokezi akipiga kelele za moto. Aliyekuwa mapokezi ni mimi, Arbia. Nimezaliwa mtaa wa Galbet hapa mjini na kulelewa na wanawake wenye adabu zao. Sikujua nitazame wapi. Ebla alishuka ngazi polepole, akamrushia kikoi, akamwambia, "Hiyo si moto, ndugu yangu. Hiyo ni usafi." Mgeni yule bado hurudi kila mwaka, na kabla ya kuuliza bei huuliza kama chumba kimefukizwa.

Lakini wasifu wa Ebla haukamiliki bila habari ya ngamia. Hapo naomba msomaji akae vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe sijakaa vizuri tangu siku ile.

Miaka michache iliyopita hoteli yetu ilitunukiwa tuzo ya kuwa rafiki wa mazingira. Tulikuwa na paneli za jua juu ya paa. Tulikuwa na vijikadi vitandani vinavyomsihi mgeni alitumie taulo zaidi ya siku moja. Tulikuwa na bango la kijani ukutani, juu ya kichwa changu hasa, na meneja wetu, Kadar, alipiga picha chini yake na kila mgeni aliyekubali kusimama. Wakati huohuo kila chumba kilikuwa na kofia ya nailoni ya kuogea, slipa za kuvaa mara moja na kutupa, sabuni ndogo, kitana na mswaki, kila kimoja ndani ya kifuko chake chepesi cha plastiki, na kila kifuko kimepigwa nembo yetu, mti wa kijani wenye kivuli. Mifuko ya plastiki serikali ilikuwa imeshaipiga marufuku. Hivi vilikuwa vifungashio, na vifungashio havikumkera mtu. Nyani haoni kundule, nasi tulikuwa tumetundika na bango juu yake.

Takataka za vyumbani Ebla alizifunga mwenyewe. Aliamini kwamba chumba hakijasafishika mpaka uchafu wake uwe umetoka langoni kabla ya adhuhuri, kwa hiyo alikaza kila gunia kwa mikono yake na kumkabidhi Deeq, mwenye mkokoteni wa punda, ambaye aliyapeleka jaani nje ya mji. Yaliyotokea baada ya lango hatukuyauliza.

Ebla alikuwa na ngamia jike mmoja aitwaye Barwaqo, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Alichungwa pamoja na kundi la kaka yake, Siyad, pembeni mwa mji. Asiyejua ngamia ni kitu gani kwa mjane wa huku na afikirie nyumba, akiba na heshima, vyote vikitembea kwa miguu minne. Na maziwa ya Barwaqo Siyad aliyaleta hapahapa hotelini alfajiri, yakatiwa kwenye chai ya wageni. Kila aliyewahi kuisifu chai yetu alimsifu yeye.

Siku zikaja Barwaqo akaacha kula. Maziwa yakakatika, mbavu zikajitokeza huku tumbo limejaa. Walimtibu kwa dawa za duka, wakamtibu kwa dawa za porini, wakamsomea dua. Siyad alipoona hawezi tena kusimama, alimchinja ili asife kibudu. Alipopasua tumbo alikuta donge gumu, kubwa kuliko kichwa cha mtu.

Donge lile nililiona. Nasema hivyo kwa sababu wapo walioajiriwa baadaye wanaodhani tunatia chumvi. Siyad aliingia mapokezi asubuhi, wageni wa semina wakiwa kwenye foleni ya kujiandikisha, akaweka gunia juu ya kaunta yangu na kulifungua. Alikuwa amelikata donge vipande na kuviosha. Kofia za kuogea. Vifuko vya slipa. Vifuko vya sabuni vilivyosokotana vikawa kama kamba. Na juu ya vitu hivyo, baada ya kukaa tumboni mwa mnyama kwa muda anaoujua Mwenyezi Mungu, mti wetu ulikuwa bado wa kijani.

"Hii mali yenu," Siyad alisema. "Nimerudisha."

Mgeni mmoja wa semina alisoma jina la hoteli kwenye kofia, kisha akainua macho na kulisoma jina lilelile kwenye bango la tuzo juu ya kichwa changu. Nilitamani ardhi inimeze na kaunta yangu. Ebla aliitwa akashuka, akavichambua vile vitu kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye kipande cha uzi wa nailoni kilichofungwa fundo. Lilikuwa fundo lake, lile la kufungia magunia ya taka. Alilitambua mbele yetu sote, na uso alioufanya sijauona kwake kabla wala baada ya siku hiyo.

Kadar alikuwa na jibu tayari: kosa ni la mwenye mkokoteni, aliyemwaga taka ovyo. Siyad naye alikuwa tayari kumfuata huyo mwenye mkokoteni. Deeq alizaliwa Ifo, kambi ya wakimbizi. Mjini hapa hana mjomba wala binamu wa kumsimamia, na kila aliyekuwepo alijua kwamba fidia ya ngamia ikimwangukia mtu wa namna hiyo, punda ataondoka, mkokoteni utafuata, na watoto wake watalala njaa. Hapo ndipo Ebla alipotoa neno lililotushtua kuliko gunia. Alisema Deeq aachwe. Alisema anaishtaki Hosgeed kwa wazee.

Mimi ni mtoto wa Garissa, na habari za fidia nimezisikia tangu nikibebwa mgongoni. Mtu wa ukoo fulani akiua mtu au mnyama wa ukoo mwingine, halipi peke yake. Ndugu zake wote huchanga, hata yule asiyejua kisa wala mkasa, kwa kuwa kesho ni yeye atakayechangiwa. Lakini hayo ni mambo ya koo. Hoteli haina babu. Tena kwa desturi shauri la mwanamke hupelekwa na kaka yake au mwanawe. Ebla alisema kaka yake anajua ngamia, hajui hoteli, kwa hiyo atajisemea. Kadar alishika kichwa. Tumaini lake pekee lilikuwa kwamba wazee wangecheka na kwenda zao.

Wazee hawakucheka. Walikuja watatu, wakaketi kwenye ukumbi wetu wa mikutano chini ya feni, na jambo la kwanza walilofanya ni kuzisukuma pembeni chupa za maji za plastiki tulizowapangia sisi bila hata kufikiria. Msemaji wao alikuwa Mzee Bare, mtu mkavu mwenye sauti ndogo. Alimsikiliza Siyad, akamsikiliza Kadar akieleza kwa urefu wajibu wa mwenye mkokoteni, kisha akainua kofia moja ya kuogea kwa vidole viwili.

"Hii alama ni ya nani?"

Kadar akasema ni ya hoteli.

"Ngamia yangu iko na alama yangu shingoni. Ikiingia shamba ya mtu kule mtoni, ikakula mahindi yake, nani analipa? Yule kijana anachunga, ama mimi mwenye alama?"

Kadar akasema ni mwenye alama.

"Wewe umetia alama kwa hii kitu," Mzee Bare akasema. "Basi hii ni mnyama yako. Umefungulia, ikaenda, ikaua."

Nimehudhuria semina nyingi za mazingira katika ukumbi ule, zenye picha ukutani na vyeti mwishoni, na hakuna hata moja iliyowahi kunipiga namna hiyo. Ndipo mzee akauliza nani aliyekuwa akifunga yale magunia, na Ebla, ambaye ndiye mdai, akajibu, "Ni mimi." Watu wakaguna. Sikuelewa kwa nini mtu aje na kesi yake mwenyewe halafu ajitie kitanzi kwa utulivu kiasi kile.

Wazee walitoka kuswali, wakarudi na uamuzi. Hosgeed imeua ngamia, basi Hosgeed italipa ngamia. Na kwa kuwa hoteli haina babu, babu yake ni mshahara: kila anayekula kwa jina lile ni ndugu, na ndugu wote watachanga, mkubwa kwa ukubwa wake na mdogo kwa udogo wake, mzaliwa wa hapa na aliyetoka mbali. Ebla atachanga pia. Atachangia fidia ya ngamia wake mwenyewe, kwa sababu alifunga fundo. Na kuanzia siku hiyo, mnyama yeyote atakayekutwa na alama yetu tumboni, mwenyewe aje hotelini moja kwa moja, asimguse mwenye mkokoteni. Wa kuyapokea madai hayo atakuwa Ebla, na yeye ndiye atakayewaambia ndugu zake ni lini wachange.

Mpishi wetu mkuu, Muthengi, mtu wa Mwingi, alisimama na aproni yake.

"Mimi ni Mkamba," alisema. "Ngamia mimi namwonanga tu barabarani nikienda nyumbani. Nimekuwaje ndugu ya kumlipa?"

Mzee Bare akamuuliza kama mshahara wa mwezi uliopita aliula au aliurudisha. Muthengi akakaa. Alichanga, ila kwa majuma kadhaa alimpelekea Ebla chakula cha mchana bila salamu. Ebla alikila chote, na kila mara alimshukuru kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, ili azidi kumuudhi.

Ngamia wa fidia aliletwa kutoka upande wa Kotile, mzuri, mwenye miguu mirefu na dharau tele. Ebla akampa jina Hosgeed. Tulidhani anatukejeli. Alisema hapana, mnyama huitwa kwa watu waliomtoa.

Baada ya hapo Ebla hakungoja semina. Vifuko vyote vilitoka vyumbani. Sabuni ya maji ikatiwa kwenye chupa nzito zilizofungwa ukutani, zinazojazwa upya. Slipa zikaanza kushonwa hapahapa kutokana na shuka zilizochakaa, zikafuliwa na kuvaliwa tena. Maji ya kunywa yakachujwa na kuwekwa kwenye majagi ya kioo. Maganda na mabaki ya jikoni yakaenda kwa mbuzi, yakiwa yamechambuliwa mara mbili, na kisichofaa kitu kikatengewa shimo lenye ukuta nyuma ya karakana. Msimamizi wa shimo hilo ni Deeq, mwajiriwa mwenye sare, naye huchanga kama sisi. Mgeni mmoja mwenye cheo alilalamika kwamba hoteli ya hadhi yetu inakosaje kofia ya kuogea. Ebla alimsikiliza hadi mwisho. "Kofia tulikuwa nayo, mama," alimwambia. "Ngamia alivaa ndani." Mama yule alioga bila kofia.

Harusi ndizo zilizotutoa jasho. Mjini kwetu, chupa ndogo ya maji mbele ya kila mwalikwa ni heshima, na kuinyima ni kuita watu kisha kuwatukana. Ebla alipokataa chupa ukumbini, mama wa bibi harusi mmoja alitishia kuhamisha shughuli yote, masinia ya pilau yakiwa yameshapangwa. Kadar aliniomba nijifiche naye ofisini. Ebla alizifukiza birika kubwa kwa uunsi, namna bibi zetu wanavyofukiza vyombo vya maziwa kwa moshi, akazijaza maji baridi, akazunguka akiwamiminia wazee wa pande zote mbili kwa mkono wake. Maji yalinukia. Wazee wakaomba tena, na mama wa bibi harusi akaanza kueleza watu kwamba hilo lilikuwa wazo lake.

Madai nayo yaliendelea kuja, maana takataka ya miaka haiishi kwa azimio la mkutano. Tulilipa mbuzi wa bibi mmoja wa Galbet. Tulilipa ndama. Mara moja alikuja mtu na kifuko kisicho na mti wetu. Ebla alikigeuza, akasema hiki si cha nyumba hii, akamsindikiza mwenyewe hadi mlango wa hoteli ambayo alama yake ilikuwa pale. Walimtazama wakadhani amepatwa na wazimu. Alirudi akiwasikitikia kweli, kama mtu aliyekutana na watoto wasio na wazazi.

Halafu baba yake Muthengi akafariki.

Muthengi aliomba ruhusa, akapanda basi, akijua anakwenda kuzika na watu wa kwao. Basi halijapita Ukasi, Ebla alikuwa ameshaitisha mchango. Aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwamba tulipoua alilipa nasi, sasa amefiwa tunafiwa naye. Siku ya mazishi basi dogo la hoteli liliingia kijijini kule na pikapu nyuma yake yenye fahali. Alishuka Ebla na jilbabu lake, akashuka Kadar, Deeq, mimi, na Mzee Bare na fimbo yake. Watu wa Mwingi walitutazama kama tulioanguka kutoka mbinguni. Pasta alisita katikati ya mahubiri. Mama mzazi wa Muthengi akamuuliza mwanawe hawa ni akina nani. Kabla Muthengi hajajibu, Ebla akamjibia: "Sisi ni ndugu yake ya Garissa." Ebla akakaa mkeka mmoja na yule mama mpaka jua likaenda chini, mmoja akizungumza Kikamba na mwenzake Kisomali, wakipeana mikono pale maneno yalipokwisha. Nimekwenda matanga mengi. Lile sijui nililinganishe na nini.

Sasa wasomaji wataelewa kwa nini tangazo la kustaafu lilitugonga vile. Wazee walituma neno: uamuzi wao unamtaka mtu wa kuketi pale na kusema, ndiyo, hiki ni chetu, tutalipa. Kama mtu huyo hatapatikana kabla Ebla hajaondoka, mapatano yamekufa, na kila mwenye mnyama atarudi kumtafuta mnyonge wake. Wapo walioona huo ni mwisho mwema. Muuzaji mmoja alikwisha leta sampuli za vifuko vipya, vyepesi kuliko vile vya zamani, vikawa vinangoja juu ya meza ya meneja.

Ebla hakumshurutisha mtu. Aliuliza kwenye kikao nani atakaa mahali pake, akangoja. Kila mmoja wetu alipata kitu cha kutazama. Kadar alisema meneja hawezi kuwa mshtakiwa na mpokea mashtaka. Wa vyumbani walisema wao ni wadogo. Mimi nilisema kaunta haiachwi. Nilimwona Eeddo akikunja mikono juu ya meza, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka na kwamba anaogopa. Miaka yote hii alikuwa ameamini kwamba sisi ni watu wake, na sasa alikuwa anatutazama mmoja mmoja akijiuliza kama alijidanganya. Nilipata aibu ambayo hata lile gunia la Siyad halikunipa.

Jumatatu iliyopita Mzee Bare alikuja kuchukua jibu. Tulikuwa ukumbini, kila mtu akitazama viatu vyake. Mlango wa jikoni ukafunguka, Muthengi akatoka akifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti na kukaa kando ya Ebla, mahali anapokaa mpokea madai. Hakutoa hotuba.

"Wewe ni Mkamba," Mzee Bare alisema.

"Ndiyo," Muthengi akajibu. "Mkamba wa Hosgeed."

Nilimgeukia Kadar kuona kama amesikia nilichosikia; alikuwa amevua miwani yake na kuishika tu. Ebla hakuonyesha furaha yoyote. Alimgeukia mpishi wake kama anayemsaili mtu wa kuajiriwa, akamuuliza atafanyaje siku atakapokuja mtu mkorofi, mwenye kiburi, mtu ambaye hata kumsalimia ni kazi, na ikabidi asimame mbele ya wenzake amwombee mchango.

"Nitaweza, Eeddo," Muthengi akasema. "Nilianza na wewe."

Ebla Duale, aliyesimama mbele ya wazee bila kutetemeka, alijifunika uso kwa shungi lake, mabega yakatikisika. Hatukujua analia au anacheka mpaka aliposhusha shungi, tukaona ni vyote viwili. Mzee Bare akaagiza chai. Kadar aliinuka, akaingia ofisini, akatoka na zile sampuli, akampa dereva azirudishe kwa mwenyewe adhuhuri ileile.

Eeddo anakwenda kuishi karibu na kaka yake. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Hoteli Hosgeed, tunamshukuru kwa shuka safi, kwa miti, kwa ukali, na kwa kutufanya watu wa kulipa tulichoharibu. Mwenyezi Mungu akupe afya, Eeddo, akupe mvua kwa wakati wake na usingizi usio na kengele ya zamu. Nasi tunakuaga kama watu wa kazi tu. Siku utakapofurahi au utakapofiwa usihangaike kututumia habari, maana Muthengi atakuwa ameshaitisha mchango, na ndugu zako tutakuwa njiani.

Arbia, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi, Hoteli Hosgeed, Garissa